Mahindi Yenye Kuvu: Si ya Mtoto, Si ya Ng'ombe

Dada yangu wa Somanda,

Paa limevuja, magunia mawili yameota kuvu. Mama mkwe anasema yakobolewe na uji uchemshwe sana. Mumeo anataka wapewe ng'ombe na kuku. Nawe unaogopa kuitwa mke anayetupa chakula. Uchungu wa kumwaga mahindi uliyoyalima mwenyewe naujua. Lakini hofu yako ni ya haki, nami nakuomba uwasomee jibu hili wote wawili.

Kuvu hizo huweza kuacha sumukuvu ndani ya punje, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 wakafariki. Kenya, mwaka 2004, walikufa 125. Ukila sumu hiyo kidogo kidogo kwa miaka, inaweza kuleta saratani ya ini.

Mama mkwe ana sehemu ya ukweli, tena mwambie hivyo kwa heshima: kukoboa hupunguza sumu, kwa kuwa nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Ila haiishi yote, na iliyotoka imehamia kwenye pumba. Pumba anakula nani? Ng'ombe. Naye hutoa sehemu ya sumu hiyo katika maziwa, yale yale anayokunywa mwanao. Kuku nao hudumaa na kupunguza mayai. Sumu hii yenyewe iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, chanzo kikiwa mashudu ya karanga. Basi hata mashudu ya pamba, ambayo kwenu Bariadi hayakosekani, yakishaota kuvu msiwape mifugo.

Magunia hayo mawili yafukieni, mbali na kisima. Msiyapeleke sokoni pia. Huko yatamfikia mtoto wa mwingine.

Yaliyosalia yachambueni: toeni punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizotobolewa na wadudu. Yaanikeni juu ya turubai. Kisha tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, uache kidogo. Chumvi ikinata kwenye chupa, bado mabichi. Yakikauka, yawekeni juu ya chaga, si sakafuni. Punje safi kwa macho bado huweza kuwa na sumu, kwa hiyo mwone afisa ugani wa kata kabla hamjayala.

Na yeyote aliyekwisha kula akitapika, akavimba tumbo au macho yakawa ya manjano, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na mbebe mahindi kidogo mkamwonyeshe daktari.