Siri ya Mtungi Aijuaye ni Kata: Somo juu ya Vyombo Tutumiavyo na Siri Zilizomo



Wazee wetu walisema: Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mtungi hufunikwa, nao wapitao mlangoni hawajui kama umejaa au umekauka; lakini kata huingia na kutoka kila siku, hufika hata chini, wala hapana lililomo isilolijua. Katika siku zetu kata hiyo imekuwa simu ya mkononi na kompyuta. Chombo hiki chajua tumezungumza na nani, usiku au mchana. Chajua tumepeleka fedha kiasi gani na kwa nani. Chajua njia tuliyopita, na ugonjwa tulioulizia dawa yake. Basi yafaa tuketi kitambo na kuulizana: Kata hii yatumikia nani, na maji iyachotayo humwagwa wapi?

Watu wana maneno yao juu ya jambo hili, nayo husemwa garini, sokoni na barazani. Tumechagua matatu yasemwayo zaidi. Tutayatazama moja moja, tupime lililo kweli na lisilo kweli.

NENO LA KWANZA: "Mimi sina la kuficha."

Asemaye hivi mara nyingi ni mtu mwema, wala hatumlaumu. Amesikia tangu utoto kwamba mficha uchi hazai, naye adhani kwamba kila afichaye ana hila. Lakini siri na hila si kitu kimoja. Mtu afungaye mlango anapooga hafichi uovu. Alinda heshima yake. Na barua hutiwa katika bahasha, si kwa kuwa ina maneno mabaya, bali kwa kuwa ina mwenyewe.

Tena, yaliyomo katika simu yako si yako peke yako. Mna namba za jamaa na jirani. Mna picha za watoto wa wengine. Mna maneno ya yule aliyekueleza shida ya nyumba yake. Nasi tulio walimu wa usharika hupokea maneno mengi ya namna hii: huyu ameomba shauri juu ya ndoa yake, yule ameeleza ugonjwa asiotaka ujulikane. Zamani maneno hayo yalikaa moyoni mwa aliyeyasikia. Leo yameandikwa katika chombo kiwezacho kusahauliwa juu ya kiti cha gari, au kuachwa siku tatu kwa fundi. Basi ukisema, "Sina la kuficha," umejisemea nafsi yako tu. Je, hao wengine umewauliza?

Liko jambo lililotokea Kenya liwezalo kutufundisha. Mwezi wa Julai 2023 watu wengi wa Nairobi walipanga mistari mirefu ili mboni za macho yao zipigwe picha na chombo cha mviringo kama mpira. Kazi hiyo ilikuwa ya mradi uitwao Worldcoin, na aliyekubali alipewa fedha za kidijitali zenye thamani yapata shilingi 7,000 za Kenya. Tarehe 2 Agosti mwaka ule ule serikali iliisimamisha kazi hiyo. Na mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru alama za miili zilizokusanywa zifutwe. Hatuwacheki waliosimama mstarini. Shilingi 7,000 ni chakula cha siku nyingi katika nyumba yenye njaa. Lakini na tufahamu tofauti hii: namba ya siri ikiibwa, mwenyewe aweza kuibadili kesho asubuhi, alama ya jicho ikiisha kunakiliwa, hana jicho jingine la kutia mahali pake.

NENO LA PILI: "Vyombo hivi ni vigumu; mimi si mtu wa mashine."

Neno hili husemwa kwa aibu, hasa na wazee. Tazama jambo tulionalo karibu kila wiki. Bibi mmoja ataka kumpelekea mwanawe fedha. Maandishi ya simu ni madogo, maneno mengine ni ya lugha asiyoijua, na akikosea mara moja hurudishwa mwanzo. Kijana aliyesimama karibu asema, "Shikamoo, bibi. Lete nikusaidie. Namba yako ya siri ni ipi?" Naye ajibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Ni mwaka niliozaliwa." Kijana huyo huenda ni mwaminifu. Lakini namba imekwisha kutamkwa dukani mbele ya watu watano, na kesho atakuja kijana mwingine. Ukimwuliza bibi kwa nini aliitoa siri yake, hatasema kwamba aliidharau. Atasema kwamba hakuwa na njia nyingine. Ugumu wa chombo ndio uliomfungulia mwizi mlango.

Basi kosa ni la nani? Mwaka 1988 mtaalamu wa Marekani, Donald Norman, alitoa kitabu juu ya vitu vya kila siku, naye alianza na jambo dogo sana, yaani mlango. Mtu auvuta mlango upaswao kusukumwa, kisha ajiona mjinga. Norman alionyesha kwamba mjinga siye yeye. Kosa ni la aliyeutengeneza mlango na kuutia mkono wa kuvutia upande wa kusukuma. Hali kadhalika simu na kompyuta. Watu elfu wakikosea mahali pamoja, tusiwahesabu kuwa wajinga elfu. Tukamwulize fundi mmoja.

Neno hili si jipya. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Ufaransa, aliandika kanuni sita za kupeleka habari za siri katika jeshi. Kanuni ya sita ilikuwa hii: njia yenyewe iwe nyepesi kutumiwa, isimchoshe mtu akili wala kumtaka akumbuke orodha ndefu ya sheria. Aliwafahamu wanadamu. Askari aliyechoka, akipewa njia ngumu ya kuficha habari, ataiacha na kuandika wazi. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliliandika tena neno hilo kwa ajili ya kompyuta: ulinzi utengenezwe hivi kwamba watu wautumie sawasawa kwa desturi yao ya kila siku.

Lakini mafundi wengi hawakulishika. Mwaka 1999 Alma Whitten na J. D. Tygar walilijaribu jambo hili mbele ya macho yao. Ilikuwako programu iitwayo PGP, iliyoanzishwa na Phil Zimmermann mwaka 1991, ya kuzifunga barua za kompyuta kwa mafumbo, asizisome ila aliyepelekewa. Kufuli yenyewe ilikuwa imara sana. Wakachagua watu 12 wenye elimu na mazoea ya kuandika barua hizo, wakawapa dakika 90, wakawaambia wapeleke habari ya siri kwa wenzao. Theluthi moja tu ndiyo iliyoweza kuifunga barua na kuitia sahihi kama ilivyopasa. Wengi walifunga kwa ufunguo wao wenyewe, hata waliopelekewa wasingeweza kufungua. Na watatu katika wale 12 waliituma siri ile ile wazi, bila kukusudia. Watu hao hawakuwa wavivu wala wajinga. Kufuli imara walipewa, ila hapakuwa na mkono wa kuifungia.

Sasa linganisha na jambo hili. Mwezi wa Aprili 2016 WhatsApp ilitangaza kwamba maneno yote yapitayo humo yatafungwa kwa mafumbo toka simu hata simu. Wakati ule watumiaji wake walikuwa zaidi ya milioni 1,000. Hapana aliyesoma kitabu cha maelezo, hapana aliyetafuta ufunguo. Bibi na mjukuu walilindwa siku moja na waziri. Kilichowashinda wasomi 12 mwaka 1999 kikawa cha watu wote, kwa kuwa mafundi waliubeba ugumu wenyewe badala ya kuwatwika watumiaji.

Walakini tusizidishe sifa. Kufuli hiyo huyafunga maneno yakiwa njiani. Haizuii kampuni kujua ni nani aliyemwandikia nani, na saa ngapi. Wala haimzuii aliyeishika simu yako ikiwa wazi. Bahasha yaweza kufungwa vema, na jina la nje likasomeka.

Hata katika maneno ya siri wakuu walikosea, wakajifunza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 taasisi ya vipimo na teknolojia ya Marekani, iitwayo NIST, ilitoa maelezo yaliyoenea ulimwenguni: neno la siri liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama, tena libadilishwe mara kwa mara. Watu wakafanya nini? Aliyekuwa na Upendo1 akaandika Upendo2, kisha Upendo3. Na wengine wakaliandika neno lenyewe katika karatasi na kulibandika mezani. Mwaka 2017 taasisi ile ile ikageuza shauri lake: mtu asilazimishwe kulibadili bila sababu, kama vile neno kuibwa, na urefu wa neno wafaa kuliko alama za kutatanisha. Basi maneno manne matano yasiyohusiana, yaliyochaguliwa na mwenyewe, ni mepesi kukumbuka na magumu kubahatisha.

NENO LA TATU: "Wakubwa wameshajua yote, kujilinda ni bure."

Hili ni neno la kukata tamaa, nalo lina ukweli ndani yake. Tukitaka kutumia programu mpya twaonyeshwa maandishi marefu ya masharti, na chini yake kitufe cha kukubali. Nani ayasomaye? Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Aleecia McDonald na Lorrie Cranor, walifanya hesabu: kama mtu wa nchi yao angesoma masharti ya faragha ya kila mahali aingiapo katika intaneti, kazi hiyo ingekula zaidi ya saa 200 kwa mwaka. Hakika hapana awezaye. Kwa hiyo, asiyesoma asihukumiwe kuwa mzembe. Amepewa kazi isiyowezekana, kisha ameambiwa, "Lakini ulikubali."

Hata hivyo kukata tamaa si jibu. Wahenga husema kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Mchukuzi hufurahi mzigo ukipungua njiani. Lakini mwenye mali akifika nyumbani, aona pakacha tupu. Nasi ndio wenye mali.

Tena yako mambo yaonyeshayo kwamba swali moja jepesi lina nguvu kuliko kurasa mia. Mwezi wa Aprili 2021 kampuni ya Apple ilizilazimisha programu za simu zake kumwuliza mwenye simu kwa maneno machache: je, waruhusu programu hii ifuate nyendo zako katika programu na tovuti za wengine? Watu wengi walipoulizwa wazi wakakataa. Na mwezi wa Februari 2022 kampuni ya Meta, yenye Facebook, ilisema kwamba badiliko hilo lingeipunguzia mapato yapata dola milioni 10,000 katika mwaka huo. Basi watu wale wale waliosemwa kuwa hawajali siri zao walikuwa wakijali siku zote; ila hawakuwa wameulizwa kwa lugha waliyoifahamu.

Sheria nazo zimekuja. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, hulinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2019, na ya nchi za Umoja wa Ulaya ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Sheria peke yake haifungi mlango, lakini humpa mwenye nyumba haki ya kuuliza, "Umechukua nini, na kwa kazi gani?"

TUFANYE NINI?

1. Simu ifungwe kwa namba isiyo mwaka wa kuzaliwa. Namba ya fedha iwe nyingine, wala isitajwe kwa sauti.

2. Umsaidiapo mzee, usimwombe namba yake. Mshike mkono, mwonyeshe pa kugusa, kisha ugeuze uso wako anapoiandika. Kumfundisha mara tatu ni heshima kuliko kumfanyia mara mia.

3. Programu ikiomba ruhusa, ujiulize kama yafaa kwa kazi yake. Programu ya taa yataka majina ya rafiki zako kwa nini? Ikatae, taa itawaka vile vile.

4. Usipeleke picha wala shida ya mtu mwingine katika kundi kabla ya kumwuliza mwenyewe, hata kama nia yako ni kuomba msaada.

5. Usipelekapo simu kwa fundi, yatoe kwanza yaliyo siri za watu, au uketi naye mpaka amalize.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

Kwanza: Ni siri za nani zilizomo katika simu yako leo, nao wajua kwamba zimo?

Pili: Taja mahali ambapo chombo kilikushinda ukajiona mjinga. Sasa waona kosa lilikuwa la nani?

Tatu: Katika nyumba yenu ni nani awategemeaye wengine kupeleka fedha? Mwaweza kumfundishaje bila kuijua siri yake?

Nne: Orodha za majina, michango na maradhi ya watu tunaoandika katika kazi zetu, zimewekwa wapi, na ni nani azisomaye?

Ndugu, kata haitaacha kuingia mtungini, maana bila kata hatunywi. Ila mwenye nyumba mwema huiosha kata yake, hujua imetundikwa wapi, wala hamwachii kila apitaye kuchota.