Dondoo Muhimu: Majaribio ya Divemasta Yasiwe Fumbo
Anayesomea udivemasta, yaani kuongoza wazamiaji, katika mfumo wa mafunzo ya kuzamia wa PADI anapaswa kujua kila jaribio na vipimo vyake kabla hajalowa. Kuogelea mita 400, kuelea papo hapo dakika 15 huku mikono ikiwa nje ya maji dakika 2 za mwisho, kumvuta mzamiaji aliyelegea mita 100: hakuna siri humo, na kujua umbali hakumpi mtu pumzi. Wapo wakufunzi wanaodai kwamba bahari haipigi hodi, hivyo mwanafunzi ashtukizwe. Hoja ina uzito, ila mahali pake ni zoezi la uokoaji. Hapo kanuni zijulikane, saa na aina ya dharura zifichwe, na ishara ya kusitisha zoezi ikubaliwe mapema.

Jaribio la wawili kubadilishana vifaa chini ya maji huku wakipokezana kifaa kimoja cha kupumulia ni jambo jingine kabisa. Zoezi hilo linapima utulivu, na anayekutana nalo bila maandalizi anaweza kupanda juu ghafla akiwa amebana pumzi, kosa linaloweza kupasua mapafu hata kwenye kina cha bwawa. Unayejiandikisha Diani au Nungwi, omba orodha ya majaribio na namna alama 1 hadi 5 zinavyotolewa kabla ya kulipa ada.