Dondoo muhimu: Ukiwa na Python, unapoanza JavaScript

Anayeijua Python akianza JavaScript, asiogope sana yanayoonekana mageni, kama yale mabano yaliyozagaa kila mahali. Ukikosea mabano, kompyuta hukukemea papo hapo. Hatari iko kwenye yanayofanana. Panga orodha ya namba 9, 10 na 1 kwa amri ya sort: Python hutoa 1, 9, 10, lakini JavaScript, usipoielekeza, hutoa 1, 10, 9, kwa sababu hulinganisha namba kama maandishi. Baki ya -7 % 3 ni 2 kwenye Python, lakini -1 kwenye JavaScript. Orodha tupu ndani ya sharti la if ni uongo kwa Python na kweli kwa JavaScript. Hutaona ujumbe wowote wa kosa. Programu itaendelea kufanya kazi na kutoa jibu baya. Kwa hiyo chukua programu yako ndogo unayoijua vizuri, iandike upya kwa JavaScript, kisha ipe data ileile pande zote mbili na ulinganishe majibu.

Wapo wanaoshauri umalize kwanza lugha ya kwanza. Lakini Python ilitoka mwaka 1991 na mpaka leo inaongezewa mambo. Anayesubiri kuimaliza hataanza ya pili. Ushauri huo unamfaa asiyeweza bado kuandika funksheni bila kunakili, basi. Wengine wanahofia kuchanganya lugha hizo mbili, na kweli utaandika None palipotakiwa null. Kosa hilo hujitangaza lenyewe. Hofia zaidi ile sort, na uijaribu leo.