Kumtafuta Mzee Mjerumani katika Orodha za Meli

Tuseme mtu wa Chwaka amesikia kwao kwamba mzee mmoja wa ukoo wao alikuwa Mjerumani, akapanda meli asirudi tena. Atamtafutaje?

Wengi hukimbilia orodha za wasafiri wa Hamburg. Nazo zafaa kweli: zaanza mwaka 1850, zakoma 1934, na zaonyesha jina, umri, kazi, mahali mtu alikotoka, na meli yake. Za Bremen hazikudumu vivyo hivyo. Tangu 1875 za zamani ziliharibiwa kwa kukosa nafasi, na nyingi nyingine zilipotea vitani. Kwa hiyo kutoliona jina si ushuhuda kwamba mtu hakusafiri.

Lakini orodha haimsaidii asiyejua jina. Schmidt midomoni mwetu huwa Shimiti, na baada ya vizazi viwili huwa neno jingine kabisa. Basi anzeni nyumbani. Andikeni kila jina ambalo wazee walitaja, hata likiwa limeharibika, kisha ombeni kuona vitabu vya ubatizo, maana huenda mtoto aliandikwa pamoja na jina la baba yake.

Tena kumbukeni kwamba Unguja haikutawaliwa na Wajerumani. Mwaka 1890 iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Wajerumani wa kisiwani walikuwa hasa wafanya biashara, kama wa nyumba ya O'Swald ya Hamburg iliyofika 1849, na watu wa ubalozi mdogo. Habari zao zatafutwa katika Nyaraka za Taifa, Kilimani. Za serikali ya Kijerumani ya bara zatafutwa Dar es Salaam.

Jina nalo hubadilika. Bibi Salme, binti Sayyid Said, aliondoka Unguja 1866. Mwaka 1867, huko Aden, alibatizwa Emily, na siku ile ile akaolewa na Heinrich Ruete, mfanya biashara wa Hamburg. Amtafutaye kwa jina moja tu atapata nusu ya maisha yake.

Mkiisha kupata kijiji cha yule mzee, kazi imekuwa nyepesi. Uandikishaji wa serikali katika Ujerumani yote ulianza 1876. Kabla ya hapo vizazi, ndoa na vifo vimo katika vitabu vya makanisa. Waandikieni watunzaji wake, mkitaja jina, mwaka na kijiji. Pasipo kijiji hawana pa kuanzia, maana akina Schmidt ni wengi mno.