Mtu wa Pwani, Kasa Anakutegemea Wewe

Askari wa hifadhi hawezi kuwa kwenye kila ufuo usiku wa manane. Anayepita hapo ni mvuvi anayekwenda kutazama madema yake, mama anayeshuka pwani bamvua likikauka, na kijana anayerudi kutoka kibaruani hotelini. Vidokezo hivi ni vyao. Vingi havina gharama, na vingine vinataka tu uache jambo ulilozoea kufanya.

1. Ukikuta alama za kasa, usichimbe.
Utazijua: ni kana kwamba trekta dogo limepanda kutoka baharini na kurudi. Zinapoishia pana shimo lililofukiwa, na ndani yake mayai mia moja hivi yatakayokaa mchangani miezi miwili hivi. Hamu ya kuhakikisha iache. Yai la kasa likigeuzwa baada ya saa chache za mwanzo, kitoto kilichomo ndani huweza kufa. Mwite mlinzi wa viota; sehemu kama Watamu na Mafia watu hao wapo na wanajulikana. Akishaona, chukueni tawi mfute zile alama, maana wezi wa mayai nao wanajua kuzisoma.

2. Zima taa ya nje.
Vitoto vya kasa hutoka usiku na kufuata upande wenye mwanga, ambao kwa kawaida ni bahari. Ukiwasha taa kali ya ukumbi, vinakuja barazani kwako, na asubuhi kunguru wanashiba. Lazima uwe na taa? Ielekeze chini, uikinge upande wa bahari. Na vikitoka, viache vitembee vyenyewe. Kuvibeba kwa ndoo ili wageni wapige picha si msaada, hata ukilipwa.

3. Akinasa wavuni, usimlaze chali.
Kasa hupumua hewa kama sisi, kwa hiyo akikwama chini muda mrefu anazama. Ukimpandisha chomboni amelegea, usidhani amekufa. Mlaze kifudifudi kivulini, inua sehemu ya nyuma kwa gogo au kamba iliyokunjwa ili maji yatoke mapafuni, kisha mfunike gamba kwa kitambaa kibichi, pua ukiiacha wazi. Anaweza kuchukua saa nyingi kuzinduka. Akianza kupiga makasia, mshushe taratibu, injini ikiwa imezimwa.

4. Nyama yake iogope.
Sheria inakataza, lakini hata bila sheria ningekataa sahani hiyo. Machi 2024, huko Kisiwa Panza, Pemba, watu tisa walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wanane kati yao walikuwa watoto. Sumu ya nyama hiyo haiondoki kwa kuchemshwa, na kwa kumtazama tu huwezi kumjua kasa mwenye sumu.

5. Mpe pweza likizo.
Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda, kwa sababu faida yake huonekana upesi. Pweza wa mwambani huishi mwaka mmoja na kidogo tu, lakini hukua kwa kasi ya ajabu. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa, na walipoifungua walikuta pweza wakubwa. Siku hizi vijiji kadhaa vya Pemba navyo hufunga na kufungua. Ugumu ni ile siku ya kufungua: wageni hufika na vyombo kutoka kila upande. Kwa hiyo kubalianeni mapema nani ataingia, na kwa zana gani. Mkishaingia, chokoeni pweza bila kuvunja matumbawe. Tundu likivunjwa, hakuna mwingine atakayehamia humo.

6. Panda mkoko unaopenda mahali hapo.
Siku za kupanda miti hupendeza, fulana mpya na picha juu, kisha miche hufa. Mara nyingi kosa ni mahali. Mlilana huvumilia mbele kabisa, unakopigwa na mawimbi. Mkoko wenyewe hutaka tope la katikati. Mkandaa hukaa nyuma, karibu na nchi kavu. Kwenye nyasi za bahari usipande chochote, maana hayo ni malisho ya kasa na nguva. Mbegu ndefu ya mkoko chukua iliyokomaa, inayoachia tawi ukiigusa kwa kidole tu, kisha uichomeke topeni kiasi cha theluthi yake. Na kabla ya kupanda, linda uliopo. Gazi, huko Kwale, wanakijiji wanatunza hekta 117 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja na kuuza hewa ya ukaa. Fedha zimeleta maji na vifaa vya shule.

7. Kipande cha wavu rudi nacho nyumbani.
Wavu uliotupwa baharini huendelea kuvua bila mwenyewe.

8. Nenda mkutanoni.
Kamati za wavuvi ndizo zinazoamua mwamba ufungwe lini na juya lizuiwe wapi. Akina mama, nyinyi ndio mnaojua matundu ya pweza, lakini kikao kinapopangwa saa ya kupika, wanaoamua ni wenye mashua. Daini saa nyingine. Mkishaketi, ulizeni faini za mwaka jana zilikusanywa ngapi, na daftari lake liko kwa nani.