Safira Aliulizwa Peke Yake

Somo: Matendo 5:1-11, 18:1-3

Anania na Safira tumezoea kuwahubiri siku ya sadaka. Leo tuwatazame kama watu wa biashara, maana kutoka Daraja Mbili hadi Keroka na Nyamira mjini, kampuni zetu nyingi zina wakurugenzi wawili tu: Baba na Mama.

Hawa wawili walipatana kuficha. Lakini Petro hakumchukulia mume kuwa amejibu kwa niaba ya nyumba. Saa tatu baadaye Safira akaingia, akaulizwa yeye mwenyewe bei ya kiwanja. Nafasi ya kusema kweli alikuwa nayo. Akarudia maneno ya mume.

Hatari ya kampuni ya wanandoa iko hapo. Washirika wa kawaida wakivutana juu ya mkopo, jioni kila mtu huenda kwake. Mke akikataa, chakula cha jioni kinaliwa kimya. Kwa hivyo anatia sahihi tu. (Wakati mwingine anayenyamaza ni mume, tusidanganyane.) Karatasi inaonyesha wakurugenzi wawili, kumbe aliyefikiri ni mmoja. Na duka likianguka, hakuna mshahara mwingine wa kulipa karo.

Mtu ataniambia, "Pasta, kampuni ni mtu kamili mbele ya sheria, deni lake si langu." Ni kweli, hadi benki itake wakurugenzi wenyewe wawe wadhamini. Ukitia sahihi hapo, ukuta umeubomoa kwa mkono wako. Mithali 22:26-27 inamwonya mdhamini hadi kwa kitanda anacholalia!

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 12, inakataza nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila idhini ya maandishi ya wote wawili, tena idhini ya mtu aliyeelewa. Mimi hapo namsikia Petro. Dada, usiseme "Baba watoto, wewe ndiye kichwa" halafu utie sahihi bila kusoma. Uliza: riba ni ngapi? Bonasi ya majani chai ikija kidogo, tutalipa na nini?

Prisila angeuliza. Alishona mahema pamoja na Akila, kazi aliijua, na katika Warumi 16:3 Paulo anamtaja yeye kwanza.

Zoezi la wiki, kwa wanandoa wenye kampuni. Kila mmoja aketi kivyake, aandike deni lote la kampuni ni shilingi ngapi na limewekewa dhamana gani. Kisha mlinganishe karatasi.