Kabla ya Kuhamisha Akiba Kufuata Ada Nafuu

Wakazi wengi wa kaunti sasa huwekeza kwa simu. Mwendesha bodaboda huweka Sh100 kila jioni, mwalimu hutenga fungu mwisho wa mwezi, nacho chama huweka michango ya wanachama wake. Kampuni za uwekezaji zinavyoongezeka, baadhi hujitangaza kwa ada ya chini kuliko wenzao. Hapo swali huzuka: je, inafaa kuhama? Somo hili linaeleza namna ya kulipima jambo hilo kwa hesabu kabla ya kugusa pesa.

Ada inavyokatwa

Hazina ya soko la fedha, ambayo wengi huijua kama MMF, hukusanya pesa za watu wengi na kuziweka katika benki na hati za serikali za muda mfupi. Msimamizi wa hazina hulipwa ada ya usimamizi. Ada hii haionekani kama ile ya kutuma pesa kwa simu. Hukatwa kidogo kidogo ndani ya hazina, na mwekezaji huona riba iliyobaki tu. Riba hiyo nayo hukatwa ushuru wa asilimia 15 kabla ya kumfikia.

Chukulia chama cha wachuuzi wa soko chenye akiba ya Sh300,000, na hazina mbili zinazopata asilimia 12 kwa mwaka kabla ya ada. Ya kwanza hutoza asilimia 2.5 na ya pili asilimia 1.5. Baada ya ada, ya kwanza hubakisha asilimia 9.5, yaani Sh28,500, na ya pili asilimia 10.5, yaani Sh31,500. Ushuru ukishakatwa, chama hubaki na Sh24,225 au Sh26,775. Tofauti ni Sh2,550 kwa mwaka.

Fedha hizo huonekana kidogo, lakini riba huzaa riba. Viwango vikibaki hivyo na chama kisitoe chochote kwa miaka 10, hazina ya kwanza itafikisha takriban Sh652,000 na ya pili Sh705,000. Tofauti ya asilimia moja imekuwa Sh53,000.

Hata hivyo, ada ya chini haimaanishi faida kubwa kila mara. Kama hazina nafuu ingepata asilimia 10.5 tu kabla ya ada, ingebakisha asilimia 9, chini ya ile ya ada kubwa. Linalofaa kulinganishwa ni kile kinachobaki mkononi kwa mwaka mzima, si tangazo la wiki moja. Mara nyingi kiwango kinachotangazwa tayari kimeondolewa ada ila hakijaondolewa ushuru. Mwekezaji aulize, asije akakata ada mara mbili katika hesabu yake.

Gharama ya kuhama

Kuhama nako kuna bei. Pesa zikikaa njiani siku tano bila riba, chama kilichotajwa hupoteza riba ya takriban Sh390 kabla ya ushuru. Ikiwa ada za kutoa na kutuma ni Sh600, jumla inakaribia Sh1,000. Kwa faida ya ziada ya Sh2,550 kwa mwaka, gharama hiyo itarudi kwa takriban miezi mitano. Lakini mwenye Sh20,000 ataongeza Sh170 tu kwa mwaka. Akitumia Sh200 kuhama, mwaka utaisha kabla hajairudisha.

Wakati pia una uzito. Ikiwa akiba ni ya karo na shule zinafunguliwa baada ya wiki mbili, ni heri ibaki ilipo hadi karo ilipwe. Mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu pesa zimekwama njiani ni hasara isiyofidiwa na asilimia moja.

Si kila uwekezaji huhamishwa kwa njia moja

Hisa za Soko la Hisa la Nairobi hazilazimu kuuzwa ili kubadilisha dalali. Mwenye hisa anaweza kuomba akaunti yake ya CDS ihamishiwe hisa hizo kwa dalali mwingine. Akiuza na kununua upya, hulipa ada mara mbili: kwa hisa za Sh100,000 na ada ya asilimia 2, ni takriban Sh4,000.

Anayetaka hati za dhamana za serikali anaweza kununua moja kwa moja kutoka Benki Kuu ya Kenya kupitia mfumo wa DhowCSD, ulioanzishwa mwaka wa 2023, bila kupitia kwa wakala.

Akiba ya sacco ni jambo jingine. Kwa kawaida, kuitoa yote ni kujiondoa uanachama kwa notisi, na aliyemdhamini mwenzake hupaswa kwanza kutafutiwa mdhamini wa kushika nafasi yake. Pia hupoteza nafasi ya kukopa kwa msingi wa akiba hiyo.

Usalama kwanza

Unafuu wa ada hauna maana kama kampuni haina leseni. Orodha ya kampuni zilizoidhinishwa hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA). Pesa hulipwa kwenye akaunti ya hazina yenyewe, kamwe si kwa nambari ya simu ya wakala. Ikumbukwe pia kwamba bima ya hadi Sh500,000 ya Shirika la Bima ya Amana (KDIC) hulinda amana za mteja katika benki. Haimlindi mwekezaji wa hazina za pamoja.

Hatua za kufuata

1. Andika kinachobaki kila mwaka baada ya ada na ushuru, kwa kampuni ya sasa na ile mpya.
2. Jumlisha gharama zote za kuhama, kisha igawe kwa faida ya ziada ya mwezi mmoja. Jibu ni idadi ya miezi ya kurudisha gharama.
3. Thibitisha leseni kwa CMA, si kwa picha iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp.
4. Kwa chama, uamuzi upitishwe mkutanoni na kuandikwa kwenye kumbukumbu, na akaunti mpya iwe na watia sahihi zaidi ya mmoja.
5. Anza na kiasi kidogo, kama Sh5,000. Kiweke, kisha kitoe. Kikirudi kwa wakati na bila makato yasiyoelezwa, hamisha salio.

Hesabu ikionyesha kwamba faida ni ndogo, kubaki pia ni uamuzi mzuri. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba hakivuji.